Mshale Uliomwelekea Kaka

Kama kuna mwanaume aliyeumbwa kunimaliza mimi taratibu, kwa upole, bila hata kupandisha sauti, basi ni huyu niliyemchagua mwenyewe kwa macho yangu mawili.

Ofisini wanamwita Mishale. Tuko pamoja kitengo cha takwimu cha mamlaka ya maji, chumba kimoja, meza zimeelekeana. Kazi yetu ni kuchukua tarakimu zinazoletwa na kanda na kuzigeuza kuwa grafu ambazo wakubwa wanaweza kuzielewa bila kuumwa kichwa. Mimi naandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa kuchora nguzo na mistari. Yeye huja nyuma yangu, mistari michache tu ya msimbo, akaweka mishale na maneno: hapa bomba lilipasuka, hapa mvua zilichelewa, hapa zilifungwa mita mpya. Kwa hilo hana mpinzani. Mshale wake hujipinda vizuri, kama mkono wa mtu anayekukaribisha kiti.

Na ndivyo alivyonipata. Siku moja nilifungua grafu yangu ya majaribio nikakuta mshale mdogo wa kijani umechomoza nje ya fremu kuelekea upande wa meza yangu, na pembeni yake maneno: "Aliyechora hii amependeza leo." Nilicheka mpaka nikakohoa. Moyo ukaenda kwake moja kwa moja, na mpaka leo haujarudi.

Tatizo lilikuwa kwamba zamani alikuwa hajui kukoma. Kila nguzo mshale, kila kilele mshale, mpaka grafu inaonekana imepigwa vita. Nikamweka chini nikamfundisha kanuni moja. "Sikiliza. Kinachoonekana wazi hakiwekewi mshale. Unamchosha msomaji." Akatikisa kichwa, akaishika kanuni hiyo kama kiapo. Laiti ningejua nilichokuwa najitafutia.

Maana nilipopata uhamisho, kwenda kuongoza kitengo cha takwimu katika tawi la mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Tulikuwa tumesimama kwenye ngazi za ofisi. Cheo nilikuwa nimekililia, lakini mtu wangu nilikuwa nampenda kuliko cheo, na nilitaka nimwone usoni. Akanitazama. Macho yake yale meusi, yenye kope ndefu ambazo wanawake wengine wanazinunua, yakatua juu yangu na kukaa hapo.

Kisha akasema, "Hongera."

Basi. Hongera! Kama vile mimi ni binamu yake wa mbali aliyefaulu mtihani. Nikasubiri sentensi ya pili. Akaniuliza kama nimekula. Wiki zikapita, sentensi ya pili haikuja, na mimi nikaapa kwamba sitaiomba. Mwanamke ana haki ya kuulizwa, si kuuliza.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Kaka yangu ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki, na ndiye mwenye neno juu yangu. Ni mkuu wa Kanda ya Mtoni katika mamlaka hiyohiyo yetu ya maji, mtu ambaye akisikia tone linadondoka kwenye bomba la jirani hawezi kula kwa raha. Nilipomtajia Mishale mara ya kwanza, alikunja gazeti.

"Yule anayeishi na mama yake?"

"Kaka, watu wengi wanaishi na mama zao."

"Anapikiwa na mama, anafuliwa na mama, hajawahi kulala nje ya mtaa wao. Wewe unahama. Atakuoa kwa simu?"

"Atahama."

"Kakwambia?"

Hapo ningejibu nini? Nikasema chai inapoa. Ilibidi wifi yangu, mke wa Kaka, aingilie kati, akabembeleza wee, mpaka Kaka akakubali kwamba kijana aje nyumbani Jumamosi, wamtazame. Nilifurahi kiasi cha kumsamehe Mishale ile hongera yake.

Halafu ikaja Alhamisi, siku ya kikao cha bodi.

Tulikuwa tumeandaa grafu ya maji yanayopotea njiani, nguzo moja kwa kila kanda. Nguzo ya Viwandani ilikuwa ndefu kupita zote, na Mishale aliiwekea mshale mwekundu wenye maneno: "Hapa maji yanapotea kwa kukosa matengenezo." Iliyopakana nayo kwa kushoto ilikuwa nguzo ya Mtoni, ya Kaka, fupi, safi, ya kujivunia. Asubuhi ile, dakika za mwisho, zikaletwa tarakimu za kanda mpya ambayo ilikuwa bado haijaripoti. Nikaziingiza, nikaendesha programu upya, grafu ikajichora, nikaituma chumba cha mikutano bila kuitazama mara mbili. Nilimwamini mwenzangu.

Kumbe yeye mshale wake alikuwa ameufunga kwenye ukurasa, sio kwenye takwimu. Aliuambia tu: kaa hapa, juu kidogo, kulia kidogo. Nguzo mpya ilipoingia upande wa kushoto, nguzo zote zikasogea nafasi moja kwenda kulia. Mshale haukusogea. Ukabaki umekodoa palepale, na aliyeingia chini ya ncha yake ni Kaka.

Unaweza kusema, nguzo ya Mtoni si ilikuwa fupi? Ilikuwa fupi. Lakini watu hawasomi nguzo, wanasoma mshale. Mwenyekiti alivaa miwani, akafuata mshale mpaka kwenye jina la kanda, akasema mbele ya kila mtu, "Mkuu wa Mtoni, kumbe ni wewe unayetumwagia maji?" Mkuu wa Viwandani, ambaye mshale ulikuwa wake kwa haki kabisa, alicheka kuliko wote. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya projekta. Nilimwona kaka yangu, mtu mzima na mvi zake, akiangalia ukutani jina la kanda yake.

Nilirudi mbio kwenye chumba chetu. Mishale alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, ameshapata habari.

"Umeufunga wapi ule mshale?"

"Kaa kwanza, bibie."

"Sikai. Umeufunga wapi?"

Akajikuna shingo. "Kwenye ukurasa."

"Kwenye ukurasa! Nimekwambia mara ngapi? Mshale unafungwa kwenye takwimu, mshale unafungwa kwenye takwimu. Niimbe?"

"Kwenye ukurasa unakaa vizuri. Haugongani na maneno."

"Unakaa vizuri, ndiyo! Watu wote wamehama, wenyewe umekaa vizuri!"

Vidole vyake vilikuwa vinaandika. Hiyo ndiyo tabia yake inayonipandisha presha: ukimgombeza, anafanya kazi. Baada ya muda akageuza kioo cha kompyuta kunielekea, uso umetulia kabisa, kama mtu aliyemaliza matatizo ya dunia.

"Nimerekebisha. Nimeufunga kwenye jina la kanda. Sasa Viwandani ikisogezwa popote, mshale unaifuata. Tazama." Akabonyeza, nguzo zikajipanga upya, na mshale ukaruka kuifuata nguzo yake. Akabonyeza tena. "Unaona? Popote."

"Na Kaka?"

"Natuma grafu sahihi kwa wajumbe wote. Na maelezo."

"Mtu umemwaibisha mbele ya bodi nzima, wewe unamtumia kiambatisho?"

"Na maelezo," akarudia, kwa sauti ya chini.

"Jamani! Mtu huyohuyo Jumamosi ndiye unakwenda kumwomba mimi! Mpigie simu. Nenda ofisini kwake. Mwambie samahani kwa mdomo, kama watu wengine!"

"Nitamwambia Jumamosi. Usoni ni bora kuliko simu."

"Jumamosi itakuwepo? Kaka ameniambia kwenye ngazi sasa hivi kwamba hataki kukuona. Na mimi naondoka mwezi ujao, Mishale. Naondoka. Umesahau?"

Akanitazama kwa mshangao, nyusi zimepanda. "Sijasahau. Kwani kuondoka kumefanyaje?"

Kumefanyaje! Nilichukua mkoba wangu. Nilitaka kulia na nilitaka kumrushia kikokotoo, na kwa kuwa sikuweza kuamua kipi kitangulie, nilitoka nikaubamiza mlango.

Jumamosi ilikuwepo, kwa sababu ya wifi tu. Alimwambia mume wake kwamba mgeni akishaalikwa hafukuzwi, na kama anataka kumfukuza basi amfukuze mwenyewe mlangoni, yeye wifi atakuwa ameshapika. Kaka akakubali kwa kununa. Akavuta kiti chake katikati ya sebule, akakaa kama hakimu.

Mishale alifika mapema, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, na kompyuta kwapani. Nilipoiona ile kompyuta nikafumba macho. Nani anakwenda ukweni na kompyuta?

"Shikamoo, shemeji," akasema.

"Marahaba. Shemeji nani?" Kaka akauliza. "Bado."

Mishale akakaa kwenye ncha ya kochi. Alinitupia jicho moja, fupi, na pamoja na hasira zangu zote nikahisi lile jicho limenigusa mpaka shingoni. Nikaangalia zulia.

"Kabla ya lolote," akaanza, "siku ile ya bodi kosa lilikuwa langu. Si la mdogo wako, si la programu. Langu. Nimekuaibisha na hukustahili. Nisamehe."

Nilishusha pumzi. Kaka naye nilimwona mabega yanalegea kidogo. Laiti angeishia hapo! Lakini akafungua kompyuta.

"Ngoja nikuonyeshe ilivyotokea. Kuna mihimili ya ukurasa na kuna mihimili ya takwimu. Sasa mimi niliupa mshale nafasi yake kwa sehemu ya upana wa ukurasa, badala ya..."

"Mishale," nikasema.

"...badala ya thamani ya nguzo yenyewe, kwa hiyo kipimo kilipobadilika..."

"Mishale!"

Kaka alikuwa ameanza kuvimba. "Kijana, unaniambia kosa ni lako au la mihimili?"

"Langu. Ila mihimili..."

Wifi akaweka sinia mezani kwa kishindo. "Hebu nyamazeni wote. Mimi nimeshaelewa, wifi yangu kanieleza jikoni." Akapanga vikombe mstari mmoja juu ya kitambaa cha meza. "Baba watoto, tazama. Hiki ni kikombe chako. Hiki cha jirani yake ndicho kibovu, kinavuja." Akachukua kijiko, akakilaza kwenye kitambaa, ncha ikielekea kile kibovu. "Kijiko ndio mshale. Umekiona?"

"Nimekiona."

"Sasa kaja mgeni." Akachomeka kikombe kingine mwanzoni, akavisukuma vyote. Kijiko kikabaki kilipokuwa, na sasa kilikuwa kinamtazama Kaka. "Kijiko kimehama?"

"Hakijahama."

"Nani kahama?"

Kaka alikiinamia kile kijiko. "Kwa hiyo mimi niliaibika kwa sababu ya hiki?"

"Hicho tu. Alitakiwa afanye hivi." Wifi akakichukua kijiko akakitia ndani ya kile kikombe kibovu, akakisogeza kikombe huku na huku mezani. Kijiko kikaenda nacho, kinagongagonga. "Kikiwa humo, kikombe kiende wapi bila kijiko?"

Mishale alikuwa ameduwaa. "Ndiyo hivyohivyo," akasema. "Vilevile kabisa."

Nilidhani sasa mambo yameisha, tunaweza kunywa chai. Lakini Kaka hakucheka. Aliinama mbele, akakitoa kijiko kwenye kikombe, akakishika kama anakipima uzito.

"Basi nami nikuulize," akamwambia Mishale, polepole. "Huyu mdogo wangu mwezi ujao anahama. Sina baba wala mama wa kumpa kazi ya kukuuliza, nakuuliza mimi. Wewe kwake ni kijiko kipi? Hiki cha juu ya kitambaa, au hiki cha ndani ya kikombe?"

Nilisikia friji inanguruma jikoni. Ndilo swali nililokuwa nimelimeza wiki zote hizo, na sasa lilikuwa limelazwa mezani katikati ya vikombe, na sikuwa na mahali pa kuficha uso wangu. Nikajua kwamba akisema "nitaangalia," au "inategemea," nitasimama, nitaingia chumbani, na nitakapotoka nitakuwa mwanamke mwingine, mwenye cheo, asiye na mtu.

Mkono wa Mishale ukaelekea kwenye kompyuta.

"Ukiigusa hiyo kompyuta naitupa nje," nikasema.

"Natafuta tu pa kuweka mikono," akajibu, akaiweka mikono magotini. Kisha akamtazama Kaka. "Mama nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba nahama. Alilia, kisha akanuna. Tangu siku hiyo hanipikii, nakula mkate."

"Mkate mtupu?" wifi akauliza, mkono kifuani.

"Na chai. Kazini nimeomba uhamisho nao hawajajibu. Wakikataa, naacha, nitafute hukohuko. Mshale unachoreka popote palipo na umeme." Akameza mate. "Mimi ni cha ndani ya kikombe."

Lakini kuna neno lilikuwa limenikwama, na mimi neno likinikwama silali.

"Tangu siku gani?" nikauliza.

"Siku gani nini?"

"Hiyo aliyoacha kukupikia. Mama ulimwambia lini?"

"Siku ile ya kwenye ngazi. Jioni yake."

Nilisimama. "Siku ileile! Mama anajua, mkuu wa kazi anajua, na muuza mkate bila shaka anajua! Mimi nimekaa naumia, nafunga mizigo huku nalia kwenye masanduku, na wewe umeniambia nini? Hongera!"

"Kwani kulikuwa na nini zaidi?" Alikuwa ananitazama kwa mshangao uleule wa Alhamisi, na nikaona kwamba ulikuwa wa kweli, hakuwa anaigiza. "Uliposema unakwenda, nilijua tunakwenda. Sikuona kama ni swali. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Kinachoonekana wazi hakiwekewi mshale."

Wifi aliangua kicheko akajifunika kwa upande wa kanga. Kaka aligeukia dirishani, mabega yanamtikisika. Mimi nilishindwa kukaa mle ndani. Nilimshika Mishale mkono wa shati lake lililopigwa pasi nikamvuta hadi getini, nikamsimamisha kwenye jua.

"Nisikilize vizuri. Kanuni ile ni ya grafu."

"Ya grafu tu?"

"Ya grafu tu! Mimi si grafu. Kwangu mimi, kilicho wazi unakiwekea mshale. Kila siku. Kwa mdomo. Umeelewa?"

Akafikiri. Anafikiri mtu huyu, utadhani anasubiri programu imalize kukokotoa. Kisha akanitazama kwa yale macho yake, na safari hii hakuishia kutazama.

"Nakupenda," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. "Na?" nikasema.

"Na nahama nawe."

"Na?"

Akajikuna shingo. "Na... nina njaa sana."

Nilimtazama mwanaume yule, shati lake lenye mikunjo ya vidole vyangu, mashavu yake yaliyobonyea ambayo kwa wiki zote nilidhani ni ya kutonipenda kumbe ni ya mkate. Nikafuta machozi kwa kiganja kabla hajayaona, nikamshika mkono, nikamrudisha ndani.

Kaka alikuwa bado ameshika kijiko. Hakuinua macho.

"Mnataka nini tena?"

"Ana njaa," nikasema.

Kaka akakitia kijiko ndani ya kikombe, akasukuma kiti kwa mguu kutoka chini ya meza.

"Haya, shemeji," akasema. "Kaa ule."